Filimbi Kwenye Kibanja cha Mzee Protase

Watu wa Buganguzi wakianza kukusimulia habari za shemeji yangu Ildefons, watakuanzia na goli la Uhuru. Waache. Mimi nilimpikia, nikamfulia, nikamvumilia, na habari zake nitakueleza kuanzia miguuni, maana akili zake zote zilikaa huko.

Jina langu Georgina. Niliolewa na Kamugisha, mdogo wake Ildefons, mtu mpole mpaka inaudhi. Baba yao, Mzee Protase, alikuwa hodari wa kukanyaga ndizi za pombe. Kama hukuzaliwa huku nitakwambia: ndizi za pombe huivishwa, humenywa, hutiwa pamoja na majani kwenye obwato, ule mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, halafu mwanamume huvua viatu, kama anavyo, akaosha miguu, akaingia ndani kukanyaga mpaka mramba, maji matamu ya ndizi, utoke. Mramba huo ukichanganywa na mtama na kulala, ndiyo lubisi. Ni kazi ya wanaume. Sisi wanawake hata kusogea hatusogei, tunachungulia tu kutoka jikoni.

Mzee Protase aliwaingiza wanawe wote wawili mtumbwini wakiwa wadogo. Kukanyaga kunataka kisigino, kunataka kugeuka upesi bila kuteleza, mguu wa kushoto ufanye kazi sawa na wa kulia. Ildefons alijifunza humo kucheza na miguu yake. Mpira ulikuja baadaye. Akiwa shuleni upande wa Rubya alikuwa akiwapita wenzake na mpira wa majani ya migomba kama watu waliosimamishwa kwa kamba, na kila aliyemwona alisema, huyu ni mtoto wa Protase, tazama anavyokanyaga. Hilo lilijulikana na kila mtu. Likumbuke, maana yeye alilisahau.

Sasa hilo goli la Uhuru. Mwaka sitini na moja, mwezi wa Desemba, mjini Bukoba palikuwa na sherehe, ngoma, bendera, na mechi kati ya timu ya mjini, aliyoichezea Ildefons, na mabaharia wa meli. Golikipa wa timu ya mjini alikuwa Muhidini, fundi cherehani, aliyenishonea hata gauni langu la harusi, na ndiye aliyenieleza ukweli huku ameshika pini mdomoni. "Shemeji yako alikuwa amewapa mgongo wenzake," alisema, "anapandisha soksi. Mpira ukampiga hapa, mgongoni, ukaingia. Aligeuka baada ya watu kupiga kelele." Eti hilo ndilo goli la Uhuru! Watu walimbeba mabegani mpaka ufukweni. Naye alibebeka vizuri, sikatai.

Katika watu waliombeba alikuwamo mfanyabiashara mmoja wa kahawa kutoka Kampala. Basi, kabla ya kahawa nyingine kuiva, Ildefons alikuwa Kampala, akichezea timu ya kiwanda cha nguo. Walimwandika kazini kuwa karani, na kalamu hakuishika. Kazi yake ilikuwa miguu. Alituma picha moja tu: kaptula nyeupe, mkono kiunoni, kidevu juu. Mzee Protase aliitundika ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, na kila mgeni aliyekuja kwanza alioneshwa Yesu, kisha Ildefons.

Kampala ikamchosha, au yeye aliichosha, sijui. Akaenda Zambia kwenye migodi ya shaba, huko walikokuwa wakilipa watu ili wacheze. Akacheza mpaka goti likavunjika, na lilipovunjika hakurudi nyumbani kama mtu mwenye akili. Akawa kocha. Sitasema uongo, ukocha aliuweza. Timu yake ya mgodi ilichukua kombe, tena zaidi ya mara moja. Lakini ukocha ulimfanya nini yule mtu! Ulimkausha mikono. Akawa mtu wa kunyoosha kidole na kupuliza filimbi, wengine wakimbie.

Timu hiyo ilipokuja kucheza Dar es Salaam, mtu wa redio akamhoji. Tulikaa sebuleni wote, Mzee Protase ameinamisha sikio kwenye redio ya mkulima kana kwamba anamsikiliza mgonjwa kifua. Mtu wa redio akauliza, ndugu kocha, ufundi huu wa miguu ulifundishwa na nani? Shemeji yangu, kwa Kiswahili kilichoanza kupinda, akajibu: "Nilifundishwa na Mzungu mmoja, Kampala."

Mawe! Nilitaka kuipiga teke ile redio. Mzee Protase aliizima taratibu, akatazama miguu yake mwenyewe, ile miguu mipana yenye nyufa, akasema, "Labda amesahau." Kutoka Dar es Salaam kuja Bukoba kuna njia, watu wanapita kila siku. Kocha hakupita. Alirudi Zambia na timu yake.

Miaka ile mzee aliugua sana. Kamugisha ndiye aliyemgeuza kitandani, mimi ndiye niliyemwosha. Kibanja chote kilikuwa mikononi mwetu. Tulikata majani kule rweya, kwenye mbuga ya nyasi, tukayabeba kichwani kuja kufunika mashina. Tulibeba samadi. Tulipogolea mibuni, tukachuma, tukaanika. Wanangu wote wamekulia chini ya migomba ile. Na bado kibanja hakikuwa chetu, maana kwetu mkubwa ndiye musika, ndiye mrithi wa nyumba na kibanja cha baba, na Kamugisha aliyezaliwa wa mwisho alipewa kipande cha mawe kule juu ambako hata mbuzi wanapita haraka. Hatukulalamika. Tulijua Ildefons yuko kwake na shaba zake, na kwamba sisi tutaishi hapa tukimtunzia.

Mzee akafa. Simu ya kifo ikapelekwa Zambia, mazishi yakapita, Kocha hakuonekana. Tukamzika mzee kibanjani karibu na baba yake, na kiti chake kikageuzwa kikatazama ukuta, kama ulivyo utaratibu wa ukoo huu, mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo ina sheria moja ambayo wazee wake wote waliifuata: musika huingia mtumbwini mwenyewe kukanyaga pombe ya matanga. Anayeikanyaga ndiye anayepewa kibuyu cha kwanza na kukalishwa kwenye kiti. Ildefons alikuwa mtoto mkubwa baba yake alipoingia mtumbwini kwa ajili ya babu yao, na aliona kwa macho yake mwenyewe. Matanga yakamngoja karibu mwaka mzima.

Akaja mwaka sabini na tano. Alishuka kwenye basi pale Muleba na masanduku, suti ya michezo ya rangi ya bluu, raba nyeupe, na filimbi shingoni. Filimbi! Mtu amekuja kumlilia baba yake na filimbi shingoni. Nilipiga magoti kumwamkia kama inavyotakiwa, akaniambia, "Shemeji, unainama vibaya, utaumiza mgongo." Hapo hapo nikajua tumeingiliwa.

Wiki ile hakuna alichokiacha. Alimweleza Kamugisha namna ya kushika jembe. Alinieleza mimi namna ya kumenya ndizi. Katekista alielezwa namna ya kusimama wakati wa kusoma. Yeye hakushika kitu. Kila asubuhi alizunguka kibanja huku akihesabu hatua na kuchomeka vigingi alivyomchongesha Kamugisha, miti mizuri ya mkaratusi iliyokauka, iliyochongwa ncha. Kamugisha alichonga bila kuuliza. Mimi niliuliza.

"Shemeji, vigingi vya nini?"

"Vya uwanja," akasema.

"Uwanja gani?"

Akanyoosha kidole. "Kijiji kinaandikishwa, si ndiyo? Kijiji cha ujamaa lazima kiwe na uwanja wa mpira. Huko rweya kuna mteremko na mawe. Hapa kwa baba ni tambarare. Nimekwisha sema na ofisi Muleba. Nikishakalia kiti nitatoa kibanja kwa kijiji, tutakata, tutasawazisha, na uwanja utaitwa kwa jina langu. Nyinyi mtajenga kule juu kwa Kamugisha."

Nilidhani anatania. Nikamfuata nikitazama vigingi vinapita wapi. Vilipita katikati ya mibuni niliyoipanda kwa mkono wangu. Viwili vilisimama upande huu na upande huu wa kaburi la Mzee Protase.

"Na hapa je?" nikauliza.

"Hapa ni goli," akasema. "Tutaweka simenti juu, haitaonekana."

Haitaonekana! Nakuapia, kama si heshima ya shemeji, ningemvunja goti la pili. Jioni nilimwambia Kamugisha: utasema au husemi? Akakuna kichwa. "Ni kaka yangu, Georgina. Ni mkubwa. Nitasema nini?" Nikamwambia aseme lolote, hata akohoe. Maisha yake yote kaka yake alipiga kelele na yeye akakimbilia alikoambiwa. Nililia usiku ule kwa hasira, si kwa huzuni. Wanangu wangeishi juu ya mawe ili watu wampige mpira babu yao.

Kitu kimoja tu kilibaki, nacho nilijua hakina nguvu. Ofisi haichukui kibanja chenye mibuni kwa nguvu, kahawa ile ni mali ya taifa. Mwenyewe lazima atoe kwa hiari mbele ya watu. Basi mwenyewe alikuwa ndiye huyu, na hiari alikuwa nayo mpaka inamwagika.

Siku ya kukanyaga ukoo wote ulikuja. Mtumbwi ulisafishwa, ndizi zikamwagwa ndani, majani yakawekwa. Mzee Ishengoma, mdogo wake marehemu na mkubwa wa ukoo, alikaa kwenye kigoda na fimbo yake. Wanaume walisimama kuzunguka, sisi tukajibanza mlangoni kwa jiko. Ildefons akatokea katika suti yake ya bluu na raba zake nyeupe kama za bibi harusi.

"Ildefons," Mzee Ishengoma akamwita. "Mtumbwi unakungoja."

Ildefons akacheka, akazitazama ndizi zile, nzi wakizizunguka, kisha akazitazama raba zake. "Baba mdogo," akasema, "kocha haingii uwanjani." Akageuka. "Kamugisha! Ingia wewe, mimi nakuelekeza."

Mzee Ishengoma alikohoa. "Unasema aingie Kamugisha?"

"Aingie, ndiyo. Yeye ndiye mwenye miguu ya kazi."

"Kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Baba mdogo, tusipoteze wakati." Na akapuliza filimbi.

Mzee Ishengoma akawatazama wazee wenzake mmoja mmoja. "Mmesikia?" Wakajibu kwamba wamesikia. Mimi nilimshika Immakulata, wifi yangu, mkono, nikamminya mpaka akanipiga kofi. Yule mtu hakujua anachokifanya! Utaratibu wa baba yake aliuona kwa macho, lakini alikuwa amekaa pembeni mwa uwanja miaka mingi mno, na kwake aliyemo ndani ya mstari ni mtu wa kutumwa tu. Urithi alidhani anao tayari, kama lile goli lililompiga mgongoni.

Kamugisha akaosha miguu. Aliosha kila kidole mara mbili, maana yeye alijua. Akamtazama kaka yake amwambie kitu kingine, akitaka abadili, maskini wa Mungu. Ildefons akapiga makofi. "Upesi! Upesi!" Basi akaingia.

Na hapo nikuambie jambo linaloniudhi mpaka leo: yule bwana alikuwa kocha kweli. "Kisigino, Kamugisha, kisigino! Vidole vipumzike! Geuka sasa, kushoto, usiangalie miguu, miguu inajua! Taratibu... haya, ongeza!" Filimbi inalia, yeye anazunguka mtumbwi na goti lake bovu, jasho linamtoka ndani ya suti, na Kamugisha anakanyaga kama sijapata kumwona. Mramba ulitoka, tena mwingi, wa dhahabu, mapema kuliko wazee walivyozoea. Watu walianza kushangilia. Kwa kitambo kidogo nilimsikia Mzee Protase mwenyewe katika sauti ile, neno kwa neno, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akiwafundisha. Ildefons mwenyewe hakuisikia. Mzungu mmoja, Kampala!

Pombe ikalala, ikachachuka, siku ya matanga ikafika. Bwana wa ofisi ya Muleba naye alikuja, amealikwa na Kocha, ana shati la mikono mifupi na kalamu mfukoni, tayari kupokea kibanja. Ildefons alimkalisha mbele, akamwonesha vigingi kwa kidole. Kisha akaenda akasimama karibu na kiti cha baba yake, akajikung'uta suruali, akangoja.

Mzee Ishengoma akainua kibuyu cha kwanza chenye mrija wake. Akampita Ildefons. Akaenda kwa Kamugisha aliyekuwa amesimama nyuma kabisa karibu na ndoo, akamshika mkono kama anayemvusha mtoto barabara, akakigeuza kiti kikatazama watu, akamkalisha.

"Baba mdogo!" Ildefons alipaza sauti. "Umekosea mtu! Mimi ndiye mkubwa!"

"Wewe ndiye mkubwa," Mzee Ishengoma akasema, "nasi tunamheshimu mkubwa. Ulisema aingie Kamugisha, akaingia. Hata filimbi tumeisikia."

"Ile ilikuwa kazi tu! Kukanyaga ndizi!"

"Baba yako alikanyaga. Babu yako alikanyaga. Wote walikuwa na kazi tu."

Kocha akamgeukia bwana wa Muleba. "Ndugu, hii ni mila ya kizamani, serikali haiwezi kukubali." Yule bwana alikuwa ameshapewa kibuyu chake naye, na alikuwa mtoto wa hapa hapa, wa kibanja kama hiki. Alinyonya mrija, akajipangusa. "Ndugu Kocha," akasema, "mimi nilikuja kupokea kwa mwenye kibanja. Ukoo ukisema ni huyu, basi nitamuuliza huyu. Ndugu Kamugisha, unatoa kibanja au hutoi?"

Unakumbuka nilivyokwambia, mpole mpaka inaudhi. Kiti alikuwa nacho, lakini kiti hakimpi mtu ulimi. Akainua macho akamtazama kaka yake, kama alivyofanya tangu utotoni. Na kaka yake, hata pale, hata baada ya yote yale, akanyoosha kidole.

"Mwambie, Kamugisha. Mwambie tunatoa. Sema kwa sauti, kifua mbele."

Mume wangu akamtazama. Akaitazama ile filimbi. Akavitazama vigingi viwili penye kaburi la baba yake. Kisha akasema, taratibu, bila ubaya wowote:

"Kaka, kocha haingii uwanjani."

Mzee Ishengoma akaanza kucheka, mabega yakamtikisika, na ukoo mzima ukafuata, na bwana wa Muleba akapaliwa na lubisi. Ildefons alibaki na kidole hewani. Akaitia filimbi mdomoni, nadhani kwa mazoea tu, akapuliza. Watu waliendelea kucheka na kupokezana vibuyu. Uwanja wa kijiji ulikuja kulimwa kule rweya, kwenye mteremko, na mpaka leo timu inayocheza kuelekea chini ndiyo inayoshinda.

Kesho yake asubuhi Kocha alitaka kuwahi basi. Niliamka mapema nikamtengenezea matoke, maana shemeji ni shemeji, haondoki na njaa nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu, nasema tena, kwa sababu nilikuwa bado sijazoea kulisema. Alikula, akaomba tena, akala. Kisha akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja ule uso wake wa kocha.

"Shemeji, moto wako leo ulikuwa mkali mno. Matoke yanataka moto wa wastani."

"Nisamehe, shemeji," nikamwambia. "Nimepata kuni kavu sana, mkaratusi, tena zimechongwa vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, akaniambia nikilikunja jani la mgomba vizuri mvuke hautatoka. Nikamwongezea.